Maneno ya Yaya kwa Kingereza

Watu huniuliza nilijifunza wapi Kiingereza, nami huwajibu kwa mkato: Kolwezi, katika chumba cha nyuma cha kanisa la Waprotestanti, na mimi ni Mwislamu. Hapo hucheka na kuacha kuuliza. Afadhali. Wakizidi kuuliza itanibidi niwaambie kilichofuata, na sitaki mtu yeyote anionee huruma. Huruma hiyo ina mwenyewe, na siyo mimi.

Ilikuwa miaka ya Zaire, wakati kila mtu alikuwa sitwayeni, yaani raia, na wanaume walifunga makoti yao ya abakosi mpaka kooni katika joto la kuiva maembe. Nilikuwa daktilo katika ofisi ya wasafirishaji, karibu na stesheni. Daktilo ni mpiga taipu, basi, lakini kwetu neno lilikuwa na uzito wake. Daktilo alikaa kwenye kiti, alikuwa na kucha safi, na akina mama sokoni walimwamkia kabla hajawaamkia. Baba yetu alitoka Kasongo na lori la samaki wakavu, akafika Kolwezi, akaona mji, akabaki. Alituacha wawili, mimi na kaka yangu aliyenitangulia kwa miaka sita, ambaye mpaka leo namwita yaya, maana kwetu mkubwa wako humwiti vingine. Baba alipofariki, yaya aliacha masomo akaanza kushika usukani wa malori ya watu ili mimi nimalize yangu. Hakuwahi kunikumbusha jambo hilo hata siku moja, na hiyo ndiyo tabia yake inayonichosha kuliko zote.

Kiingereza kilituingia kwa mlango wa Fungurume. Kabla ya hapo, tukisema kizungu tulimaanisha Kifaransa; mzungu wa aina nyingine tulikuwa hatumjui. Kisha wakaja wale wa kutoboa ardhi, kampuni moja ndogo ya kutafuta madini yenye kambi ya mahema na mabati huko Fungurume, kando ya barabara, watu warefu wasiojua hata kusema bonjour. Makaratasi yao yakaanza kufika ofisini kwetu. Shefu wangu alikuwa ananitupia mezani mkataba wa kurasa ishirini: "Sitwayeni, hii inasema nini?" Mimi nikitazama ile mistari naona tu wadudu wametembea na wino miguuni.

Basi siku moja nikaona tangazo ukutani pale posta: masomo ya Kiingereza cha kazi na cha sheria, saa kumi alasiri, Jumanne na Alhamisi. Na wiki hiyohiyo karani mmoja akaninong'oneza kwamba mahakama itatafuta mtafsiri wa Kiingereza, kwa mtihani, kazi ya serikali, meza yako na muhuri wako. Niseme ukweli: niliitaka kazi ile kuliko nilivyotaka kuolewa. Mama alilijua hilo. Kila nikitoka na daftari langu alikuwa anaguna, "Haya, nenda kwa pasta wako," na mimi nilikuwa naenda.

Mwalimu wetu hakuwa pasta. Alikuwa mzee wa ng'ambo ya mpaka, upande wa Zambia, aliyekuwa karani wa mahakama huko miaka ya Waingereza. Suti moja, kalamu nyekundu moja. Alijua Kiingereza cha sheria mpaka koma zake, alijua Kibemba, na Kiswahili chetu alikishika vizuri tu. Kitu kimoja hakukijua kabisa, nacho ni Kifaransa. Sisi wanafunzi wake, makarani wawili, muuguzi mmoja, polisi mmoja na mimi, tulikuwa hatuna kitu kingine vichwani ila Kifaransa. Kila neno la Kiingereza tulilitafuta kwanza katika Kifaransa, tukiona linafanana tunashangilia: hili tayari tunalijua! Mtu asiniambie kwamba kurahisisha ni akili. Nilikuwa wa kwanza darasani kwa sababu nilikuwa hodari wa kuona mifanano hiyo.

Sasa ni lazima nieleze neno moja, maana kila kitu kimeegemea hapo. Katika Kiswahili cha kwetu kuna neno kuasiste. Tumelitoa kwa Wafaransa, na maana yake ni kuhudhuria, kuwapo mahali jambo linapofanyika. Unaasiste ndoa. Unaasiste mkutano wa chama, utake usitake. Zaidi ya yote unaasiste kilio, yaani unakwenda kukaa na wafiwa. Mtu akikuambia "jana niliasiste kilio," hajakuambia kwamba alibeba maji au alipika fufu. Amekuambia alikuwapo.

Wiki moja shangazi yetu alifariki, na mwalimu alikuwa ametuagiza tuandike jambo la nyumbani. Alikuwa anasema, sheria ni mambo ya watu, andikeni mambo yenu. Nikaandika kwa Kiingereza kwamba nili-assist kilio cha shangazi siku tatu. Neno lilikuwa lilelile, hata herufi zake karibu zote. Mwalimu akapitisha kalamu yake nyekundu, akaweka alama ya vema, akanitazama kwa upole.

"Vizuri sana," akasema. "Mtoto mwema husaidia kwenye kilio."

Nikadhani anaisifu tabia yangu. Wee! Nilirudi nyumbani nimenyoosha shingo. Kwa Waingereza neno lile ni kusaidia, ni kutia mkono, na mzee wa watu aliona sentensi yangu imekaa sawa, kwa sababu ni kweli, nani anakwenda kilioni asisaidie? Lile neno likapita darasani salama, limepigiwa vema kwa wino mwekundu, likakaa kichwani mwangu kama mali halali.

Yaya wakati huo alikuwa dereva wa ile kambi ya watoboa ardhi. Alikuwa anarudi nyumbani Jumamosi na vumbi hadi kwenye kope, na mafuta ya gari chini ya kucha, na habari za bazungu zake ambazo alikuwa anazisimulia mpaka mama anashika mbavu. Jumamosi moja akarudi hachekeshi. Akaniambia kwamba katikati ya wiki, mchana kweupe, yeye yuko chini ya lori lake anafunga boliti, aliona mtunza stoo wa kambi pamoja na wenzake wawili wanapakia mabunda ya waya na matairi mapya katika gari la kukodi. Walipomwona wakamwambia anyamaze. Hakunyamaza. Kesho yake alikwenda kwa mkubwa wa kambi, mpishi akamtafsiria nusu nusu, na mkubwa yule akasema anataka maneno hayo kwenye karatasi, kwa Kiingereza, yenye sahihi.

"Balitaka mupishi aandike," yaya akasema. "Nikasema hapana. Mi niko na dada."

Alisema "niko na dada" jinsi mtu mwingine anavyosema ana ng'ombe. Tukakaa mezani, mama akatuwekea chai, nikachomeka karatasi tatu na kaboni mbili kwenye mashine ambayo shefu aliniruhusu kwenda nayo nyumbani mwisho wa wiki.

"Sasa andika vile nasema," yaya akaniambia. "Usiongeze chumvi."

"Sema basi."

"Mi sikuiba kitu. Mi niliasiste ule wizi na macho yangu yote mbili, kuanza mwanzo mpaka mwisho. Niko tayari kusema mbele ya zuzi."

Zuzi ni hakimu. Nikacheka. "Yaya, unasema sawa na polisi!"

"Njo vile banaandikaka ku polisi," akajibu, naye akacheka, maana alilichagua neno lile makusudi, aonekane mtu wa maana mbele ya bazungu. Siku nyingine yoyote angesema tu, niliona. Laiti angesema niliona! Lakini alitaka maneno ya dada yake yawe na kitu cha kutafsiri.

Na mimi nikatafsiri. Sikufikiri hata dakika moja. Niliandika kwa Kiingereza kilichonyooka kwamba yeye hakuiba kitu kwa mkono wake, ila ali-assist wizi ule tangu mwanzo hadi mwisho, na yuko tayari kuthibitisha mbele ya hakimu. Yaya akajaribu sahihi yake mara nne kwenye gazeti, kisha akaitia chini ya maneno yangu. Nakala moja akaenda nayo kambini. Ya pili tukaweka nyumbani. Ya tatu, sikilizeni vizuri ujinga wangu, ya tatu niliitia katika faili langu la maombi ya kazi ya mahakama, kama mfano wa kazi yangu, na chini nikaandika kwa Kifaransa: imetafsiriwa na mwombaji mwenyewe.

Siku nne baadaye walimkamata yaya pamoja na mtunza stoo.

Mama akapiga kelele mpaka majirani wakajaa uani. Mimi nilijua hasa nani wa kulaumu: mtunza stoo, bila shaka, mwongo yule amemtia yaya ndani ili wazame wote. Na kweli alimtaja. Kwa hiyo sikuwa na shaka. Nilimwambia mama, usilie, kuna karatasi, karatasi itamtoa. Wiki tano yaya alikaa ndani, nami kila Ijumaa nilipompelekea chakula nilimwambia hivyohivyo, karatasi itakutoa. Katika wiki hizo nilifanya mtihani wangu. Sikukosa usingizi kwa ajili yake, nilikuwa nimejiandaa.

Siku ya kesi mahakama ilijaa. Mkubwa wa kambi alikuwa ameshapeleka ile karatasi kwa waendesha mashtaka, na wao walikuwa wameituma Lubumbashi kwa mtafsiri aliyeapishwa, maana Kolwezi bado ilikuwa inanisubiri mimi. Mtafsiri yule alijua kazi yake. Aliandika kwa Kifaransa kile alichokiona kwa Kiingereza. Karani akasimama akasoma Kifaransa kile, kisha akakirudia kwa Kiswahili ili washtakiwa wasikie: "Sikuiba kitu kwa mkono wangu, ila nilisaidia wizi huo tangu mwanzo hadi mwisho."

Nilisaidia.

Mawee, jamani. Nikamwona mzee wa watu na kalamu yake nyekundu, mtoto mwema husaidia kwenye kilio, na nikaelewa, palepale, kwenye benchi lile, yote kwa mara moja. Neno lilitoka mdomoni mwa yaya likiwa Kifaransa safi. Lingebaki hivyo, hakimu, ambaye alisoma Kifaransa tangu utoto, angelisikia na kuelewa: mtu huyu alikuwapo, aliona, ni shahidi. Lingebaki hata kwa Kiswahili chetu, mwanamke yeyote wa sokoni angelielewa. Ni mimi niliyelichukua likiwa zima, nikalivusha kwa Waingereza, likageuka huko, likarudishwa kwetu limekuwa jinai. Kama ningekuwa mjinga kabisa, asiyejua Kiingereza hata neno moja, yaya angelala nyumbani siku ile.

Hakimu alikuwa anafunua makaratasi. Akasimama kwenye ukurasa mmoja, akauliza: "Maneno haya ya Kiingereza yaliandikwa na nani?"

Karani akaninyooshea kidole. Nikasimama.

"Sitwayeni," hakimu akaniambia, na hakuwa mkali, "naona karatasi hii hii iko katika faili la mtihani wa mtafsiri. Umeiweka mwenyewe kama mfano wa kazi yako. Mshtakiwa amesema aliona tu. Hapa imeandikwa alisaidia. Je, tafsiri yako ni sahihi?"

Swali lilikuwa jepesi. Mtoto wa darasa la pili angelijibu. Hapana, tata hakimu, si sahihi, ni kosa langu. Maneno saba nane. Nilikuwa nayo kwenye ulimi, naapa nilikuwa nayo. Lakini pembeni ya meza ya hakimu, kwenye kiti kifupi, alikuwa amekaa yule mkubwa wa ofisi aliyetusimamia mtihani, na majibu yalikuwa yanabandikwa Jumatatu. Nikaanza kufikiri. Nikafikiri kwamba labda ningeweza kusema neno hilo lina maana mbili. Nikafikiri kwamba labda wangemwachilia hata hivyo. Nilifikiri kwa muda gani? Sijui. Mtu mmoja nyuma akakohoa.

Ndipo yaya akasimama bila kuruhusiwa.

"Tata zuzi," akasema kwa sauti, "huyu dada yangu hakosi. Kingereza anajua kupita bote hapa Kolwezi. Kama aliandika, aliandika muzuri. Mi sikusaidia muntu, ni bale ba kambi banageuza maneno."

Polisi akamkalisha kwa bega. Hakimu akakunja uso: kwa hiyo mshtakiwa anawashitaki watu wa kambi, na labda mtafsiri aliyeapishwa naye? Akanigeukia tena. Akauliza kama nina la kuongeza.

Nikasema sina.

Mwaka mmoja na nusu. Mtunza stoo alipata miwili. Jumatatu nikalikuta jina langu ukutani, la kwanza juu kabisa.

Nikaanza kazi katika jengo lilelile. Nilikuwa na meza yangu na muhuri wangu. Kwenye rafu palikuwa na kamusi kubwa, na siku ya kwanza, kabla sijavua hata kitambaa cha kichwa, nililitafuta lile neno. Lilikuwapo, na onyo lake limeandikwa wazi kwa ajili ya watu kama mimi. Muda wa kukata rufaa ulikuwa bado haujapita. Nilizijua siku zake, nilizitazama zinakwisha moja moja kwenye kalenda ya ukutani, na kila asubuhi nilijiambia nitaandika kesho. Nilikuwa mwoga. Hakuna neno jingine, wala katika lugha hizi tatu ninazojivunia.

Gerezani nilikuwa nakwenda kila Ijumaa na chungu cha sombe, yaani kisamvu, na kila Ijumaa yaya alikuwa ananitangaza kwamba niko mahakamani. "Huyu njo dada yangu wa tribinali," anawaambia wafungwa na walinzi, "anasoma karatasi za bazungu sawa maji." Nilikuwa namchukia anaposema hivyo. Kwanza nilijichukia mimi, lakini hilo huchosha haraka, basi nikahamia kwake. Nilimwona mjinga. Nilisema moyoni, mtu mzima huyu, amejifunga mwenyewe kwa sifa za dada yake, angenyamaza kidogo tu siku ile ningesema. Niliamini hivyo kabisa. Sekunde moja zaidi, na mimi ningesema kweli. Yeye ndiye aliyenikata maneno. Hivyo ndivyo nilivyoweza kula na kulala na kupiga muhuri wangu mwaka mmoja na nusu.

Alitoka amekonda, na kikohozi. Hakuna aliyempa tena gari. Dereva aliyefungwa kwa wizi, nani atampa ufunguo? Akaanza kubeba makala, yaani makaa, ya watu kwa kinga, baiskeli yenye magunia matatu, kutoka porini upande wa barabara ya Kasaji. Mama alikuwa ameshafariki. Mimi nikawa na nyumba ya serikali na mtu wa kunifulia. Nilimpelekea nguo, akazipokea. Nilimpelekea sukari, akaipokea. Alikuwa ananiita dada kama zamani, ananiuliza kazi, anacheka.

Nilivumilia miezi minane. Kisha Jumapili moja mchana nikaenda kwake, mtaa wa Manika, nikamkuta uani amegeuza kinga magurudumu juu, anaziba tundu. Nikakaa kwenye ndoo. Nilikuwa nimeandaa hotuba nzima, na kinywa kikatoa kipande tu.

"Yaya, ile siku ya zuzi. Lile neno, ni mi niliharibisha."

Hakuinua kichwa. "Najua."

"Unajua tangu lini?"

"Tangu pale pale. Balisoma kusaidia. Mi sikusema kusaidia, na aliandika ni weye. Nikakuangaria uso, ukakuwa sawa muntu mwenye kumeza mufupa."

Nikasimama. Hasira ilinipanda mpaka masikioni, na nilimfokea yeye, mbele ya jirani yake aliyekuwa anaanua nguo. "Sasa juu ya nini ulisema mi sikosi? Ulinikata maneno! Mi nilikuwa nataka kusema, yaya! Juu ya nini hukungoja?"

Akabandika kiraka, akakikandamiza kwa dole gumba, taratibu, mpaka kikashika. Kisha ndipo akanitazama, bila ubaya wowote.

"Nilingoja, dada," akasema. "Nilingoja sana. Kisha nikasema mbio, juu sikutaka nione vile utanyamaza."